Filamu za Vichekesho za Dar es Salaam na Hadhira Iliyozilea

Yapo malalamiko yanayosikika zama hizi katika sehemu mbili zisizojuana, Hollywood ya Marekani na Dar es Salaam yetu, na ajabu yake ni kwamba yanasemwa kwa maneno yanayokaribiana mno: kwamba filamu ndefu ya kuchekesha, ile inayomkalisha mtu saa nzima na nusu, ikampandisha na kumshusha, kisha ikamwachia mbavu zikimuuma na kisa cha kusimulia kesho yake, imekuwa adimu, ilhali wachekeshaji wenyewe hawajapata kuwa wengi kama walivyo leo.

Habari ya Marekani inajulikana na haihitaji maelezo marefu. Mwaka 2009 filamu ya The Hangover, iliyogharimu takriban dola milioni 35, iliingiza zaidi ya dola milioni 460, na miaka miwili baadaye Bridesmaids ikathibitisha kwamba biashara hiyo ilikuwa hai. Lakini wakati huo mauzo ya DVD, yaliyokuwa yakirejesha gharama za filamu za kiasi cha wastani, yalikuwa yakiporomoka. Makampuni makubwa yakaelekeza mitaji yao kwenye filamu za mashujaa, ambazo ziliuzika Beijing kama zilivyouzika Chicago, kwa sababu ngumi haihitaji mkalimani na mzaha unamhitaji. Adam Sandler akaingia mkataba na Netflix mwaka 2014. Na Coming 2 America, ambayo ile ya kwanza ya mwaka 1988 ilimfanya Eddie Murphy ajulikane hata kwa watoto wa Manzese, ikatolewa na Amazon mwaka 2021, wakati wa janga la Korona, watu wakaitazama majumbani mwao. Kicheko kilichokuwa cha umma kikawa cha faragha.

Huku kwetu mambo yamekwenda kwa njia nyingine, lakini yamefika karibu na hapo hapo, na njia hiyo ndiyo ninayotaka kuifuata katika makala haya. Rai yangu ni kwamba udhaifu wa filamu za vichekesho za Dar es Salaam hautokani na uchache wa vipaji, wala hautokani hasa na uduni wa kamera na taa, ingawa hayo husemwa kila siku, bali unatokana na kukatika kwa uhusiano wa ana kwa ana baina ya mchekeshaji na watu wanaomcheka, uhusiano ambao ndio uliokuwa chuo chake, mwalimu wake na mtihani wake. Nao umekatika mara mbili, mara ya kwanza kwa kanda na diski, na mara ya pili kwa simu ya mkononi, kila mara kwa namna yake.

Miongoni mwa filamu za mwanzo zilizopigwa Tanganyika kwa lugha ya Kiswahili ni Muhogomchungu ya mwaka 1952, na aliyeshika nafasi kuu ndani yake ni Rashidi Mfaume Kawawa, kijana mtumishi wa serikali ya kikoloni, ambaye muongo mmoja baadaye, mwaka 1962, alikuwa Waziri Mkuu wa nchi iliyokwisha kujitawala. Kisa chake ni cha mtu wa shamba aliyeingia mjini na fedha zake mfukoni, asijue desturi za mji wala hila za watu wake, wajanja wakamzunguka hata fedha zikamtoka. Filamu hiyo ilikusudiwa kufundisha, kama zilivyokusudiwa karibu filamu zote zilizopigwa chini ya mkono wa serikali zama hizo. Lakini mtu hucheka pale anapotaka mwenyewe, na watazamaji walimcheka Muhogomchungu kwa sababu wengi wao walikuwa wameingia Dar es Salaam kwa mlango ule ule alioingilia yeye.

Mshamba huyo hakuzaliwa na kamera. Wanazuoni wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama akiwa miongoni mwao, wameeleza kwa marefu kwamba vichekesho, yaani michezo mifupi isiyoandikwa, vilikulia katika shule za wakoloni, na kwamba aliyedhihakiwa humo aghalabu alikuwa ni yule asiyejua kuvaa viatu, asiyejua kushika uma, aliyekosea maneno ya Kiingereza mbele ya bwana mkubwa. Dhihaka hiyo ilikuwa na sumu ndani yake, kwa maana ilimfundisha mtoto kumcheka baba yake. Lakini sanaa haikai katika mikono ya aliyeianzisha, na vichekesho vilipotoka shuleni vikaingia mitaani, vikageuka vikawa mali ya watu wale wale waliokuwa wakichekwa.

Kipindi kilichovikomaza ni kile cha vikundi vya utamaduni, hasa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, nami natamani vijana wanaopiga filamu leo wakisome kwa bidii wanayoitumia kusoma filamu za kigeni. Muungano Cultural Troupe, iliyoanzishwa na Norbert Chenga mwaka 1980, na Tanzania One Theatre (TOT), iliyoanzishwa mwaka 1992 chini ya Chama Cha Mapinduzi na kuongozwa na Kapteni John Komba, pamoja na vikundi vya majeshi na mashirika ya umma, vilizunguka kutoka baa hadi baa na ukumbi hadi ukumbi, leo Temeke, kesho Kinondoni, keshokutwa Ilala, na onyesho la usiku mmoja lilikusanya ngoma, sarakasi, taarab, maigizo na kichekesho. Kichekesho hakikuwa na hati. Mkubwa wa kundi aliwaeleza wenzake kisa kwa maneno machache, nani mume, nani mke, nani mdai, nani mgeni asiyetakiwa, kisha kila mmoja akapanda jukwaani kutafuta maneno yake. Neno lililowavunja watu mbavu Mbagala likachukuliwa kesho yake Mwananyamala, lililopita kimya likaachwa, na baada ya majuma kadhaa ya kusafiri namna hiyo mchezo uliokuwa kama unga mkavu ulikuwa umekwisha kukandwa na mikono ya maelfu ya watu. Mwandishi wake alikuwa ni hadhira. Mchekeshaji aliyekosea hakungoja kusoma gazeti ili ajue, kwa kuwa watu waligeuza viti wakaendelea na mazungumzo yao, naye yungali amesimama mbele yao.

Redio nayo ilikuwa na sehemu yake, na waliokuwa watu wazima katika miaka hiyo hawajawasahau Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambao kwa sauti tupu waliweza kuijaza nyumba watu wawili wajanja na wapumbavu kwa wakati mmoja. Hata hivyo, redio ilisikilizwa kwa pamoja, barazani na dukani, na kicheko cha jirani kilikuwa sehemu ya mchezo.

Televisheni ilikuja Tanzania Bara mwaka 1994 kwa vituo vya watu binafsi, na ITV ikakipa nafasi Kikundi cha Sanaa cha Kaole, kilichowalea Steven Kanumba na Vincent Kigosi kabla ya kuwa nyota wa filamu. Katika miaka hiyo na iliyofuata sura za Mzee Small, ambaye jina lake hasa lilikuwa Said Ngamba, na Bi Chau, na mchekeshaji aliyejiita Muhogo Mchungu, na Bambo, na Kingwendu, zikajulikana katika kila nyumba yenye antena. Hawa walikuja na ufundi waliokwisha kuupata. Mzee Small hakuhitaji kamera imsogelee ili uso wake uonekane unasema nini, na alipogombana na Bi Chau juu ya fedha ya matumizi, maneno yao yalipishana kwa mizani ya watu waliokwisha kugombana mbele ya umma mara nyingi, wakajua ni nukta ipi ambapo kicheko cha watu kitameza neno, na kwa hiyo neno linalofuata ni lazima lingoje.

Kundi la Ze Comedy, lililoanzia EATV na baadaye kuhamia televisheni ya taifa, TBC1, kwa jina la Orijino Komedi, lilileta jambo jipya. Masanja Mkandamizaji, Joti, Mpoki, Wakuvanga, Mac Regan, Seki na Vengu hawakumcheka mshamba. Waliicheka televisheni yenyewe, taarifa ya habari, mahubiri, hotuba za bungeni, matangazo ya biashara, na waliiga sauti na mienendo ya wakubwa wa nchi kwa umahiri uliowafanya watu wakimbilie nyumbani kabla kipindi hakijaanza. Joti aliweza kuwa mtoto, akawa bibi kizee, akawa mzee wa kijiji, na katika kila umbo akawa mtu kamili mwenye mwendo wake na hasira zake. Naamini kwamba katika historia ya vichekesho vya nchi hii hapajapata kutokea kundi lililokuwa na vipaji saba vya namna hiyo mahali pamoja, na ni hasara kubwa kwamba vipaji hivyo havikupata kutiwa ndani ya filamu moja ndefu iliyoandikwa kwa kadiri ya uwezo wao.

Filamu za kanda, na baada yake za DVD, zilishamiri mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwa muda usiozidi muongo mmoja Kariakoo ikawa soko la watu waliokuja kununua kutoka Congo, Kenya, Burundi na Comoro. Wasambazaji walikuwa wachache na wenye nguvu, Steps Entertainment wakiwa ndio wakubwa wao, na Al-Riyamy wakijulikana hasa kwa filamu za vichekesho. Desturi ilikuwa kwamba mtengenezaji huuza kazi yake yote kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja, na filamu hukatwa sehemu mbili ili mnunuzi alipe mara mbili. Athari ya desturi hiyo katika sanaa haikuzingatiwa vya kutosha. Mtu anayelipwa kiasi kile kile, ikiwa filamu itachekwa au haitachekwa, hana sababu ya kuongeza siku ya pili ya mazoezi. Na kisa kilichopaswa kuisha kwa dakika sabini kikivutwa hata kijaze diski mbili, mzaha unakuwa kama chai iliyoongezwa maji mara ya tatu.

Nani asiyejua jinsi filamu hizo zilivyopigwa? Nyumba huazimwa Kinondoni au Sinza, sebule yenye makochi makubwa na mapazia mazito. Jenereta hungoja nje kwa hofu ya umeme kukatika. Mwongozaji huwaeleza waigizaji mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia, kama walivyokuwa wakifanya wakubwa wa vikundi vya jukwaani, na yaliyo katikati huachwa kwao. Mpaka hapo ni urithi halali wa vichekesho. Lakini angalia tofauti: mchekeshaji anapolipata neno la kuchekesha, mpiga picha, mshika kipaza sauti, na kijana anayeshikilia ubao wa kurudishia mwanga, wote hujiziba midomo kwa viganja, mabega yakitikisika, kwa sababu kicheko chao kitaingia katika sauti na kuharibu kazi. Mahali pekee ambapo mzaha unazaliwa pamekatazwa kucheka. Mchekeshaji anabaki na ukimya, na ukimya humtia wasiwasi mtu wa jukwaani, naye ili kuujaza huongeza kelele, hupepesa macho, hurudia neno mara nne, huanguka chini pasipo haja. Hizo kelele nyingi ambazo wakosoaji wetu huziita ushamba wa uigizaji ni sauti ya mtu anayewatafuta watu asiowaona.

Aliyeivuka hali hiyo kuliko wote ni Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Alianza kuigiza akiwa mtoto, na kamera ilipomkuta alikuwa na miongo ya jukwaa nyuma yake, kwa hiyo alikuwa amekwisha kuihifadhi hadhira kifuani mwake, akaibeba mpaka kwenye sebule zile za kuazima. Mtazame anavyoingia mlangoni: kanzu au shati lililochakaa, hatua fupi za haraka, kisha anasimama ghafula, anatazama kitu ambacho bado hatujakiona, na uso wake unapita hatua tatu, mshangao, hesabu na tamaa, kabla hajafungua kinywa. Sauti yake ya kukwaruza iliweza kupanda kutoka dua hadi matusi ndani ya pumzi moja. Alicheza baba bahili, mzee mpenda vya bure, mkwe asiyeaminika, wala hakuwahi kumcheza mtu mbaya kabisa, kwa maana ndani ya kila tamaa yake palikuwa na njaa tuliyoitambua.

Alipounganishwa na kijana Hussein Mkieti, Sharo Milionea, kicheko cha Tanzania kilipata kitu kipya ambacho naona hakijathaminiwa inavyostahili. Sharo alikuwa ni sharobaro, kijana wa mjini aliyejipamba kwa mavazi na matamshi ya kuigiza Marekani, asiyekuwa na senti mfukoni. Majuto alikuwa mzee wa zamani mwenye Kiswahili kizito cha pwani. Mizani ya mwaka 1952 ikapinduka. Katika Muhogomchungu mji ulimcheka mtu wa shamba, na humu mzee wa zamani ndiye mwenye akili, na mtu wa mji ndiye kichekesho, kwa kuwa umji wake wote ni wa kuazima. Watu wa Tandika, Mbagala, Manzese na Tandale, ambao baba zao walikuwa ni akina Muhogomchungu, walikuwa wamekwisha kuujua mji kwa ndani kiasi cha kuucheka wao. Bahati mbaya, Sharo alifariki katika ajali ya gari huko Muheza mwezi Novemba 2012, miezi michache baada ya kifo cha Kanumba mwezi Aprili, na mfano huo ukakatika ungali mchanga.

Majuto alicheza filamu nyingi mno, na hesabu yake haikuwa sawa na utajiri wake. Mwaka 2018, akiwa mgonjwa, jambo la mikataba yake lilifika kwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, Harrison Mwakyembe, na kamati ikaundwa kupitia mikataba ya wasanii. Ilikuwa haki, lakini ilikuja wakati soko lenyewe limekwisha kufa. Stempu za kodi zilizowekwa mwaka 2013 hazikuzuia uharamia. Mwezi Aprili 2017 wasanii wa filamu waliandamana Kariakoo kulalamikia filamu za nje zinazouzwa pasipo kulipiwa kodi. Na watazamaji wakati huo walikuwa wanahamia kwenye simu, jambo ambalo maandamano hayakuweza kulizuia.

Kabla ya kuifikia simu, inafaa kusimama kidogo kwenye kibanda umiza, yaani kibanda cha mtaani cha kuonyeshea filamu kwa kiingilio, kwa kuwa huko ndiko hadhira ilikobaki hai wakati filamu zilipoisahau. Kibanda cha Temeke ni mabati na mbao, mabenchi yasiyo na egemeo, pazia zito mlangoni la kuzuia mwanga na la kuzuia wasiolipa, ubao mweusi nje ulioandikwa kwa chaki majina ya filamu za siku hiyo na saa zake, na ndani joto la miili sitini mbele ya televisheni moja. Filamu iliyo dhaifu, ikitazamwa humo, huwa nzuri, kwa sababu watu huijazia mapengo: mmoja anamjibu mwigizaji, mwingine anatabiri kitakachotokea, wa tatu anamwambia wa pili anyamaze, na kicheko kinatembea kutoka benchi la mbele mpaka la nyuma. Filamu nyingi za kigeni huonyeshwa humo zikiwa zimetafsiriwa, na hapo ndipo alipojipatia sifa Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye hakutafsiri maneno tu bali aliwapa waigizaji wa Hong Kong na Hollywood tabia za watu wa Dar es Salaam, akatia kejeli, akashangaa, akamwonya shujaa asiingie mlango ule.

Waganda wameichukua sanaa hiyo wakaitia ndani ya filamu yenyewe. Nabwana I.G.G., katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha kidogo sana, na sauti ya VJ Emmie inayosikika juu ya mapigano yake, ikiyasifu, ikiyakebehi na kuwachokoza watazamaji, ndiyo iliyoifanya filamu ya mapigano kuwa kichekesho kinachotazamwa dunia nzima. Hawakuona haya kwa desturi ya vibanda vyao. Sisi tuliokuwa na Lufufu hatukupata kulifikiria jambo hilo. Watengenezaji wetu walizitazama filamu za Nigeria na India, wakajitahidi kufanana nazo. Na kutoka India tulipokea kitu kingine: mchekeshaji wa pembeni, kama walivyokuwa Johnny Walker na Mehmood, anayeingia katikati ya machozi ili watu wapumue. Mlinzi wa geti na mfanyakazi wa ndani katika filamu zetu za mapenzi ni uzao wa hao. Mara kwa mara mlinzi huyo ndiye mtu pekee mwenye uhai katika filamu nzima, naye hapewi zaidi ya dakika kumi.

Ama Kenya, wao walikibakiza kicheko chao kwenye televisheni, ambako Vitimbi na Vioja Mahakamani viliishi kwa miongo mingi na kumfanya Mzee Ojwang kuwa babu wa taifa zima.

Sasa simu. Mchekeshaji wa leo wa Kinondoni au Temeke hahitaji msambazaji. Joti ana chaneli yake, na Mkojani, Steve Mweusi, Ndaro na wengine wengi hutazamwa na watu wengi kuliko waliopata kununua diski. Haki ni kusema kwamba kazi hizi ni safi kwa jinsi zilivyofumwa: mtu anaingia na haja, haja inagongana na kizuizi, kizuizi kinageuka, mwisho, yote ndani ya dakika tatu, pasipo neno la ziada. Baadhi yake zina ufundi wa kukata picha ambao filamu za DVD hazikuujua. Simu imemfunza mchekeshaji wetu ufupi, na hilo ni faida isiyokanika. Lakini imemnyang'anya muda wa kumjenga mtu. Mzee bahili wa Majuto tulimjua mpaka tukamhurumia. Bahili wa dakika tatu tunamcheka na kumsahau kabla hatujafika kwa mwingine. Na ingawa hadhira imerudi, imerudi kwa umbo la hesabu: mchekeshaji anaona kwamba wametazama laki tatu, haoni ni neno lipi lililowachekesha, wala ni wapi walipochoka. Kwa hiyo hurudia jambo zima lililopata hesabu kubwa, pamoja na makosa yake.

Miongoni mwa makosa hayo lipo ambalo siwezi kulipita kimya. Vichekesho vyetu vingi, vya jukwaani, vya diski na vya simu, vimefanya mtaji wa kigugumizi cha mtu, wa ulemavu wake, wa wazimu wake, wa lafudhi ya kabila lake. Mwanamke naye amefungiwa katika vyumba viwili, mke mgomvi au msichana mjinga mwenye maumbile ya kutazamwa. Bi Chau alikipasua chumba cha kwanza kwa kipaji chake, kwa kuwa ugomvi wake ulikuwa na hoja, na mchekeshaji Ebitoke, alipotokea, alionyesha kwamba msichana wa kijijini anaweza kuwa mwenye kuchekesha kwa kauli yake na kwa nia yake. Lakini hao ni wachache mno kwa mji ambao wanawake wake, katika foleni ya maji au sokoni Tandika, ndio mabingwa wa kejeli wanaojulikana na kila mtu. Kumcheka dhaifu ni rahisi, na urahisi huo umeongezeka kadiri ilivyokuwa hatari kumcheka mwenye nguvu. Idris Sultan, mshindi wa Big Brother Africa mwaka 2014 na mwigizaji wa filamu ya Kiumeni, alitakiwa kuripoti polisi mwezi Oktoba 2019 kwa sababu ya picha zilizobadilishana uso wake na wa Rais wa wakati huo, na mwezi Mei 2020 akashikiliwa tena. Wale wale waliokuwa wakicheka Orijino Komedi walipoiga viongozi kwenye televisheni ya taifa walijifunza kutokana na matukio hayo, na waandishi wa vichekesho walijifunza zaidi. Tangu hapo mkwe na mwenye nyumba wamebeba mzigo wa dhihaka ambao si wao peke yao waliopaswa kuubeba.

Kazi ndefu za kuchekesha zilizosalia sasa ziko zaidi kwenye tamthilia za televisheni za kulipia, za Azam na za Maisha Magic Bongo, ambazo hulipa kwa sehemu na kwa mkataba unaosomeka, na huko waandishi wa hati wameanza kupata ajira ya kweli. Wakati huo huo vijana wameurudia ukumbi: maonyesho ya Cheka Tu na yanayofanana nayo yanakusanya watu waliolipa kiingilio ili kumsikiliza mtu mmoja mwenye kipaza sauti, na anayeshindwa hushindwa mbele ya macho yao. Njia hizi mbili, hati iliyoandikwa na jukwaa linalohukumu, zimekaa mbali mbali katika mji mmoja. Hollywood yenyewe ilipokuwa katika ubora wake haikuzitenga. Ndugu wa Marx, kabla ya kupiga A Night at the Opera ya mwaka 1935, walipelekwa na mzalishaji wao Irving Thalberg kwenye kumbi za miji kadhaa, wakacheza sehemu za filamu hiyo jukwaani, waandishi wakisafiri nao, mizaha iliyokufa ikatupwa na iliyoishi ikapimwa urefu wa kicheko chake, ili kamera iachie nafasi ya watu kucheka. Walichokifanya kwa makusudi ndicho ambacho Muungano na TOT walikifanya kwa desturi kama miaka hamsini baadaye.

Hakuna kinachozuia jambo hilo lisifanywe hapa. Kumbi za Mbagala na Kinondoni zinakaa tupu siku za katikati ya juma, siku ambazo hazina bendi wala taarab. Waigizaji wa tamthilia wako hapa hapa mjini. Na kampuni inayonunua sehemu kumi na tatu za kichekesho inaweza kuweka katika mkataba wake kwamba hati itachezwa mbele ya watu wa Temeke walioingia kwa kiingilio kidogo, mwandishi akiwa ameketi miongoni mwao akiandika kila panapochekwa na kila panaponyamaziwa, na kwamba itarekebishwa na kuchezwa tena kabla nyumba ya kupigia picha haijakodiwa.